Kufika Kwenye Shingo ya Mlima Bila Kamba: Mwongozo Kamili kwa Milima ya Ukingo wa Ziwa, Kigoma

Kila kiangazi nakutana na watu wenye simulizi ileile. Waliiona shingo ya mlima toka ufukweni, wakaona korongo linalopanda moja kwa moja hadi pale, wakalifuata. Baada ya saa mbili wakajikuta chini ya ukuta wa mwamba wenye utelezi. Wenye busara waligeuza. Wengine walijivuta kwa mikono wakaupita, wakakuta ukuta wa pili mbele yao, na ule wa kwanza hawawezi tena kuushuka.

Yamenikuta na mimi. Nilikaa tangu mchana kwenye kibao cha mwamba chenye upana wa mkeka, hadi watu wa kijiji walipokuja jioni na kamba ya mtumbwi. Sitaki mtu mwingine akae pale.

Shingo ninayoisema ni pale mgongo wa mlima unapoinama kati ya vilele viwili kisha ukapanda tena. Ndipo mahali pa chini zaidi pa kuvukia upande wa pili, na ndiyo maana kila mtu anapataka.

Mwongozo huu ni wa ardhi ya vijiji kwenye milima inayofuata Ziwa Tanganyika, hasa kaskazini ya mji wa Kigoma. Hauhusu Gombe wala Mahale. Hizo ni Hifadhi za Taifa, huingii bila kibali wala bila muongozaji. Na uwe makini: mpaka wa mashariki wa Gombe unafuata mgongo wa milima, kwa hiyo shingo unayoiona ukiwa nje inaweza kuwa juu ya mpaka wenyewe. Uliza kabla ya kupanga safari.

## Vitu vya kuandaa

- Ramani yenye mistari ya kontua (mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja), ya kipimo cha 1:50,000, pamoja na rula yenye milimita.
- Simu yenye ramani iliyopakuliwa kabisa, maana bondeni mtandao hukatika. Beba na chaji ya akiba.
- Dira ya mkononi.
- Maji lita 3 kwa kila mtu. Usitegemee vijito wakati wa kiangazi.
- Viatu vinavyoshika mwamba, suruali nzito, shati la mikono mirefu na glovu za kazi. Upupu ukikomaa kwenye majani makavu unawasha hadi mtu anasahau anapokanyaga, na kwenye mteremko mkali hilo ni hatari kweli.
- Fimbo moja kwa kila mtu: ya kujiegemeza na ya kugonga majani mbele. Kifutu hakimbii akisikia hatua, hulala palepale.
- Vipande vya kitambaa cha rangi kali, kama 20.
- Filimbi, tochi, bendeji ya kubana kifundo, na kitambaa cha pembe tatu cha kuning'iniza mkono uliovunjika.
- Watu watatu au zaidi. Mmoja akiumia, wa pili abaki naye, wa tatu ashuke kuita msaada. Mkiwa wawili, mgonjwa anabaki peke yake mlimani.

Kamba sikuiandika kwa makusudi. Kamba mkononi mwa mtu asiyefundishwa kuitumia humpa ujasiri wa kuingia mahali asipotakiwa kuingia.

## Hatua ya 1: Uliza njia ya mtu mwenye mzigo

Anzia kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Msitu wa juu mara nyingi ni hifadhi ya kijiji yenye sheria zake, na ukionekana huko bila taarifa utadhaniwa mkata mbao au mchoma mkaa. Pia huyo ndiye atakayejua kwamba hamjarudi.

Kisha tafuta wanaovuka mlima, na hapa ndipo wengi wanapokosea swali. Wanauliza, "Njia ya kwenda juu iko wapi?" Kijana wa kijijini atakuonyesha korongo, kwa sababu yeye hulipanda akiwa peku na mikono mitupu.

Swali lililonifungulia milima hii nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa amepumzika chini ya mwembe, dumu la mawese la lita 20 pembeni yake.

"Shikamoo mama. Ukiwa na dumu kichwani, unapita wapi?"

"Marahaba mwanangu. Na dumu? Na dumu siwezi kupita kule," akasema, akilinyooshea kidole korongo. "Napita kule kwenye miti miwili, nazunguka, natokea juu ya shingo ndipo nashuka kidogo."

Alinieleza mwongozo mzima kwa sentensi moja. Mtu mwenye dumu kichwani hana mikono ya kushikia mwamba, hawezi kuinama sana, na akiteleza anapoteza mali yake. Njia yake haina ukwezi. Ni ndefu, lakini inapitika kwa miguu tu, bila kutumia mikono.

Uliza maswali mengine matatu: masika mnapita wapi? Mbuzi wakipotea huonekana wapi? Ni wapi mtu aliwahi kuanguka? Jibu la masika ni muhimu kuliko yote, maana njia inayopitika kwenye tope itapitika wakati wowote.

Utajua umefanikiwa ukipata angalau watu wawili, walioulizwa mbalimbali, wanaotaja alama zilezile.

## Hatua ya 2: Soma ramani kwa rula

Tafuta shingo yako kwenye ramani. Kontua za vilele viwili zinaangaliana kama miduara miwili, na kati yake mistari inabonyea kutoka pande zote mbili, kama kiuno cha mcheza ngoma. Kutoka kwenye kiuno hicho utaona korongo likianza upande huu na jingine upande wa pili.

Sasa tofautisha korongo na ubavu. Ubavu ni mgongo mdogo unaoshuka kutoka mgongo mkuu kuelekea ziwani. Mistari yenye umbo la V ambayo ncha yake inaelekea juu ya mlima ni korongo. Ncha ikielekea chini, huo ni ubavu. Unazitafuta mbavu, hasa zile mbili zinazolikumbatia korongo la shingo yako kushoto na kulia.

Kisha pima ukali wa mteremko. Kwenye ramani ya 1:50,000, milimita 1 ni mita 50 ardhini. Kama kontua zimepishana mita 20 kwenda juu:

- zikiachana milimita 1, mteremko ni nyuzi 22 hivi; unapanda huku unaongea;
- zikiachana milimita 0.7, ni nyuzi 30; pumzi inakatika lakini miguu inatosha;
- zikiachana milimita 0.5, ni karibu nyuzi 39; kwenye majani makavu utateleza, kwenye udongo wa masika hutapita;
- zikigusana, hapo ni genge, yaani ukuta wa mwamba uliosimama; achana napo.

Angalia kwanza pembezoni mwa ramani yako kontua zimepishana mita ngapi, maana zikiwa tofauti hesabu yote inabadilika.

Onyo. Genge la mita 15 linaweza kujificha katikati ya kontua mbili za mita 20 na ramani isiseme lolote. Ramani za simu zinadanganya zaidi. Nyingi huchora kontua kwa vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha anga mwezi Februari 2000, nukta moja kwa kila mita 30 hivi. Ukuta mwembamba unaoanguka kati ya nukta mbili hulainishwa ukaonekana mteremko wa kawaida. Kwa hiyo ramani hukuambia wapi usiende. Kwamba unaweza kupita, hilo utalijua kwa macho, na ndiyo kazi ya hatua inayofuata.

## Hatua ya 3: Piga picha saa 4 asubuhi

Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na ndiyo iliyonisaidia kuliko zote.

Milima yetu inaelekeza uso magharibi, ziwani. Asubuhi jua liko nyuma yake. Inapofika saa 4 jua limeshapanda nyuzi 40 hadi 45 hivi kutegemea mwezi, na mwanga unashuka kwa kuuparaza mteremko. Mahali penye mteremko wa kawaida panaanza kung'aa. Mahali pakali kuliko pembe ya jua panabaki na kivuli. Kwa dakika 20 au 30 mlima unajichora wenyewe: kila genge ni mstari mweusi, kila kibao cha kupita ni mstari mweupe.

Jioni jua likiwa juu ya ziwa, mlima unapendeza kwa picha za kumbukumbu lakini umebapa. Mwanga unaupiga usoni na magenge yote yanatoweka. Picha nyingi ninazoonyeshwa na waliokwama zimepigwa jioni.

Omba mvuvi akusogeze kwa mtumbwi mita 500 hadi kilomita 1 kutoka ufukweni. Wakati huo wameshamaliza kuanika dagaa na wengi hawana haraka. Piga picha tatu: ukiikabili shingo, kisha kusini yake, kisha kaskazini yake. Ukuta unaofichwa na ubavu kwenye picha moja utauona kwenye nyingine.

Usichanganye kivuli na msitu. Ndani ya makorongo miti imesongamana na huonekana myeusi hata pasipo na genge. Kuza picha: kivuli cha mwamba kina ukingo ulionyooka, msitu una ukingo wa mawimbi.

Kuhusu majira, mwezi Mei hewa ni safi lakini majani yamesimama marefu. Agosti na Septemba majani yameungua na mwamba uko wazi, ila moshi unaweza kutanda hadi milima ya Kongo isionekane ng'ambo. Mimi hupiga picha Mei, napanda Juni.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuchora kwa kidole, juu ya picha, mstari mweupe usiokatika kutoka mashambani hadi mgongo mkuu.

## Hatua ya 4: Chagua njia ya begani

Wazee walioupa mlima mgongo, mbavu, bega na shingo walikuwa wanaujua. Korongo ni koo: maji, mawe na magogo yote ya mlima humezwa na kushushwa hapo. Maji yamechimba ngazi, na kila ngazi ni poromoko kavu wakati wa kiangazi. Jiwe likitoka juu, halina pa kwenda ila kwako. Masika, mvua inayonyesha juu usikokuona inakufikia ukiwa katikati ya kuta mbili.

Shingo iendee kwa bega. Panda ubavu hadi ufike usawa wa shingo au mita 30 hadi 50 juu yake, kisha ambaa kuelekea shingoni huku ukishuka taratibu. Ndivyo alivyosema mama wa mawese. Kuna sababu mbili. Ukiambaa toka juu unaona ardhi iliyo mbele yako. Na ukikosea, kurudi ni kupanda, na kupanda mahali palipokatika ni rahisi kuliko kushuka.

Chagua mbavu mbili, moja ya kwendea na moja ya akiba. Ziandike kwenye karatasi pamoja na alama: mti mkubwa, mwamba mweupe, shamba la muhogo la mwisho. Weka alama ya kurudi pia: "Nikikuta mwamba kabla ya miti miwili, nimepotea, narudi hadi shambani."

Na usisahau mgongo wa nyuma. Upande wa ziwa ndio mkali, upande wa mashariki unashuka polepole zaidi. Kuna shingo ambazo njia yao bora ni kuzunguka kwa gari au bodaboda hadi vijiji vya juu, upande wa Kalinzi, kisha kutembea juu kwa juu. Hakuna aibu hapo. Ukikuta mbavu zote mbili za ziwani zina mstari mweusi unaozikata, hiyo ndiyo njia yako.

## Hatua ya 5: Hesabu muda, na uzime saa ya mtandao

Mskoti William Naismith alitoa kanuni yake mwaka 1892 na hadi leo inafaa: saa 1 kwa kila kilomita 5 za ramani, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda.

Ufukwe wetu uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Tuseme shingo iko mita 1,300, na njia ni kilomita 2.6. Kutembea ni dakika 31, kupanda mita 527 ni dakika 53. Jumla saa 1 na dakika 24. Kwenye majani marefu yasiyo na njia mimi huzidisha mara mbili, inakuwa karibu saa 2 na dakika 50.

Anza saa 12 na nusu asubuhi. Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi na jua linachelewa kuchomoza kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo usidanganywe na mazoea ya pwani. Faida yake ni kwamba mtapanda ndani ya kivuli cha mlima. Baada ya saa 7 mchana jua linaupiga uso mzima wa mteremko hadi magharibi.

Pangeni saa ya kugeuza, mimi huweka saa 6 mchana, na msiijadili tena mkiwa juu.

Onyo la simu. Juu ya mgongo, hasa mnapokaribia mpaka, simu inaweza kudaka minara ya Burundi. Burundi iko nyuma yetu kwa saa 1, na simu iliyowekwa kujipanga yenyewe itarudisha saa nyuma bila kukuambia. Utaona saa 5 kumbe ni saa 6. Zima mpangilio huo kabla ya kuondoka, au vaa saa ya mkononi.

## Hatua ya 6: Panda kwa sheria ya kushuka

Pandeni mbavu mkiwa karibu karibu, lakini msifuatane chini ya mstari mmoja penye mawe yaliyolegea. Anayesukuma jiwe apige kelele, "Jiwe!" hata likiwa dogo kama embe.

Funga kitambaa kila njia inapobadilika mwelekeo, kwenye upande utakaouona ukiwa unashuka. Wengi hufunga upande wanaouona wakipanda, na jioni vitambaa vyote vimewageuzia mgongo.

Mkikuta mwamba, tumia kipimo hiki:

- Miguu inatosha: endelea.
- Mkono mmoja unagusa mwamba kwa kujiegemeza tu: endelea polepole, na mtu mmoja aende kwa wakati mmoja.
- Mikono yote miwili inabeba uzito: hapo ndipo mwisho wa njia isiyo na kamba. Zunguka.

Huenda ukashindwa kuamua kama uko kwenye la pili au la tatu. Fanya jaribio hili: panda mita 1, kisha shuka ukiwa umeutazama mwamba, taratibu, bila kuruka. Kama mguu ulitafuta mahali pa kukanyaga ukapakosa hata mara moja, umepata jibu. Ukiwa juu miguu haioni inakokwenda. Kile kibao changu nilikifikia kwa kujivuta mara moja tu, ukuta usiozidi kimo cha mlango. Ningejaribu kushuka nikiwa chini bado, ningejua palepale.

Usishike majani wala mizizi mikavu kama mpini. Juu ya mwamba udongo ni mwembamba na mmea mzima hung'oka.

Ubavu ukikatika kwa genge, msitafute tundu kwa kushukia korongoni. Rudini hadi alama ya mwisho, kisha jaribuni upande wa ubavu ulio mbali na korongo. Ukishindikana, nendeni ubavu wa pili, kama saa inaruhusu.

## Hatua ya 7: Kuambaa hadi shingoni

Mita za mwisho zinahadaa. Shingo inaonekana pale, hatua 200, na kila mguu unataka kukata kona. Kaeni juu ya usawa wake. Wa mbele atazame chini kila hatua 20 kuhakikisha hawajaingia juu ya kichwa cha korongo, kwa sababu hapo ndipo udongo umemeguka na majani yanaficha ukingo. Fimbo itangulie mguu.

Utajua umefika upepo utakapokupiga usoni ghafla na ukaona mabonde ya pande zote mbili bila kusogea. Vaa shati kavu, maana jasho na upepo huo vinatetemesha mtu hata kiangazi.

Onyo kubwa, la moto. Kuanzia Julai watu huchoma majani. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyokimbia, kwa kuwa joto lake linakausha majani ya juu kabla haujayafikia. Korongo huuvuta kama bomba la jiko, na shingo ndiyo mdomo wa bomba hilo. Mkiona moshi chini yenu, msisubiri shingoni kuuangalia. Ondokeni kwa kufuata mgongo, mbali na kichwa cha korongo, muingie mahali palipokwisha kuungua au penye mwamba mtupu. Kama moshi umeonekana kabla hamjaondoka kijijini, siku hiyo msipande.

Masika, ngurumo ya kwanza ndiyo amri ya kuondoka mgongoni.

## Hatua ya 8: Kushuka

Shukeni kwa njia mliyopandia hata kama mmeona nyingine inayoonekana fupi toka juu. Toka juu kila genge linaonekana ni mteremko, maana huoni uso wake. Toeni vitambaa vyote mkishuka. Mkiviacha, mwakani mtu atafuata kitambaa cha mtu aliyekosea njia.

Mkifika chini, piteni kwa mwenyekiti kabla ya kuoga na kabla ya kula. Mwambieni mmerudi, na mtaje idadi. Mkinyamaza, usiku atawaamsha vijana na tochi waingie korongoni kuwatafuta.